Sitini na Watatu Wamesoma

Jumatatu, 3 Novemba

Mkuu wa idara, Bwana Pyo, anataka ripoti. Ubora na udhaifu wa Uwanja, programu yetu ya simu ya meseji za kazini, kurasa mbili, Ijumaa ya wiki ijayo. Makao makuu Seoul wanataka kuuingiza kwenye viwanda vingine. Mimi ndiye niliyeuleta hapa Changwon mwezi Machi, mimi ndiye msimamizi wake — basi nijisifu mwenyewe!

Ubora: meseji, faili, ratiba za zamu, vyote mahali pamoja. Kila meseji ina namba pembeni, idadi ya ambao hawajasoma. Ikifika sufuri, hakuna tena mtu wa kusema "sikuambiwa". Hakuna tena zile kadi nyekundu za kuning'iniza kwenye mashine mbovu. Nilizikusanya zote kwa mikono yangu.

Udhaifu: sijui. Nitatunga kitu.

Jumatano, 5 Novemba

Asubuhi, saa mbili na dakika arobaini, Mzee Tak, fundi umeme, kaandika kwenye chumba cha wote ndani ya Uwanja. Mashine ya kubana namba nne, kitambuzi cha mkono kimekufa. Mkono ukiingia haisimami. Asiiwashe mtu mpaka arudi na kipuri kutoka Busan. Nikaibandika meseji yake juu kabisa ya chumba. Safi.

Dakika kumi baadaye — tangazo la msiba. Mama mkwe wa Mkurugenzi. Pyo kanipigia simu papo hapo: "Bi Eom, umelala? Unataka Mkurugenzi akute mashine mbovu imekaa juu ya mama mkwe wake?" Kinabandikwa kitu kimoja tu. Nikabandua ya Tak, nikabandika msiba.

Watu wakaanza. "Tunamwombea marehemu pumziko jema." Neno kwa neno, mmoja baada ya mwingine, kiwanda kizima. Anayechelewa anaonekana. Mimi nilikuwa wa ishirini na mbili.

Nilisema ya Tak nitairudisha nikishakula. Sikuirudisha.

Alhamisi, 6 Novemba

Hwang Ok-cheol. Zamu ya mchana jana, namba nne. Vidole vinne vya mkono wa kulia.

Siwezi kuandika.

Ijumaa, 7 Novemba

Nimetoka hospitali. Mkewe, Su-ran, kakaa kwenye benchi na viatu vya mumewe ndani ya mfuko. Kaniinamia, kanishukuru kwa kuja. Kunishukuru mimi!

Ok-cheol anaongea. Anasema alifungua simu mlangoni mwa kiwanda, akakuta rambirambi tupu. Akateremka moja kwa moja hadi mwisho, akaandika yake, akaingia kazini. Ukifika mwisho, Uwanja unahesabu umesoma vyote. Nilijua. Tangu Machi nilijua, nikaona ni jambo dogo.

Kwenye lifti nimekutana na Mzee Tak. Macho mekundu. Kanisukumia simu yake usoni. "Tazama, binti. Wamesoma sitini na watatu! Sitini na watatu, na hakuna hata mmoja aliyechomoa waya. Ningekuwa na kadi yangu nyekundu ningeitundika pale kwenye swichi, hata mlevi angeiona."

Jumatatu, 10 Novemba

Inspekta wa kazi anakuja kesho. Pyo kachangamka, utadhani kaokota dhahabu. "Hii sasa ndiyo faida ya Uwanja, Bi Eom. Saa nane na dakika tatu, Hwang kasoma. Mtu anasoma onyo halafu anawasha mashine! Ni uzembe wake huo. Nichapie orodha ya waliosoma, ukurasa mmoja, basi."

Wakiamua ni uzembe, wanamfukuza. Na mkono ule, nani atamwajiri?

Nikauliza, na ile ya kubandua je? Kumbukumbu ipo, saa na dakika.

"Anaiona nani?"

"Mimi msimamizi tu."

"Basi imeisha hiyo." Kisha kanywa kahawa yake taratibu. "Halafu, dada yangu, pale pameandikwa jina lako. Mimi nilipiga simu tu."

Nilienda chooni nikalia. Kwa hasira au kwa woga, sijui. Woga, nadhani.

Jumanne, 11 Novemba

Naandika nikiwa mezani. Saa nne asubuhi.

Ok-cheol kaandika kwenye chumba cha wote. Kwa mkono wa kushoto, herufi zinarukana. "Samahani kwa kuwasumbua nyote. Ni kosa langu kutosoma vizuri."

Sasa wanamjibu. "Tunakuombea upone haraka." "Tunakuombea upone haraka." "Tunakuombea upone haraka." Mkurugenzi naye. Namba inashuka — arobaini, ishirini na saba, tisa. Pyo kaniandikia pembeni: hiyo ya Hwang ibandike juu, inspekta aione akifika.

Sijaibandika.

Gari la serikali liko getini. Su-ran kanipigia mara mbili, sikupokea. Mzee Tak kasimama kwenye korido na ovaroli yake, hakuna aliyemwita, wala hakuna anayethubutu kumfukuza.

Pyo kafungua mlango. "Bi Eom, karatasi! Si nilisema moja tu, unachelewa nini?"

Moja iko mezani. Lakini nilichapa mbili. Ya pili ina jina langu, na saa niliyobandua onyo la Tak, na nimeikalia. Inspekta anavua viatu mlangoni. Pyo kanyoosha mkono.

"Bi Eom. Inuka basi, umsalimie mgeni."