Mvua Iliyopita Haraka

Ruiru

Mpendwa Baba,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kwamba goti la Mama halimsumbui tena kwa baridi ya Nyahururu. Hapa kwa shangazi tuko wazima wa mwili. Ni moyo tu haujatulia, na nimeona heri nikuandikie kuliko nipige simu nianze kulia.

Nilikuambia juu ya kikundi cha Thika kinachotengeneza demo, programu ndogo zinazochora picha na kupiga muziki zenyewe, bila chochote kilichorekodiwa. Mwalimu wao, Bwana Mureithi, anasema walioanza ni vijana wa ng'ambo zamani, kompyuta zikiwa na nguvu kidogo sana, wakishindana nani atazibana zitoe maajabu. Siku hizi wengi wanaiambia kompyuta iwatolee video, basi, kazi imeisha. Sisi bado tunaandika kila mstari wenyewe.

Jumamosi, kwenye ukumbi wao, Bwana Mureithi alikuwa anachagua mtu mmoja wa kufundishwa bure. Shangazi alikubali: nikichaguliwa nisome, nikikosa niingie kibandani kwake kukaanga chipsi.

Nilipeleka demo ya mvua. Mvua ya kwetu, inayoanzia mlimani na kufika polepole juu ya mabati, sauti yake nimeitoa kwa hesabu tupu. Niliitengeneza kwenye kompyuta kuukuu ya shangazi. Kumbe ya ukumbini ina kasi, na mimi nilikuwa nimeiambia programu isogee hatua moja kila picha inapochorwa, badala ya kufuata saa; mashine ikichora haraka, mvua nayo inakimbia. Mvua ikaisha kabla watu hawajakaa vizuri, ikilia kama kifaranga.

"Hiyo ni mvua ama ni pikipiki?" mmoja akauliza.

"Ni mvua ya Thika, haina time ya kupoteza," akajibu kijana anayeitwa Brayo. Wakacheka.

Bwana Mureithi akauliza, "Mwenye kazi ana la kusema?"

Nilijua kosa liko wapi. Ni mstari mmoja tu wa kubadilisha. Nikaangalia viatu vyangu, naye akaita mwingine.

Mwingine alikuwa Brayo. Yake ikakimbia vilevile. Akasimama: "Mwalimu, ngoja, haifai kwenda hivyo. Nipe dakika niirekebishe." Akapewa. Ndiye aliyechaguliwa.

Mlangoni Bwana Mureithi akaniuliza, "Wewe ndiye wa mvua? Si ungesema, mama."

Nilirudi nikaurekebisha ule mstari. Sasa mvua inanyesha vizuri kwenye mashine yoyote, na hakuna anayeitazama. Jumatatu naanza kumenya viazi.

Baba, wageni wakija huwa unawaambia, "Huyu wangu hana maneno mengi," nao wanafurahi. Tafadhali usinisifu hivyo tena.

Nisalimie Mama, na nyanya yetu Cucu, ambaye najua ataomba asomewe haya. Mwambie mdogo wangu Kariuki kwamba akiulizwa kitu darasani, ajibu kwa sauti, hata kama anakosea.

Ni mimi binti yako,
Wanjiku