Ndiyo, Maji Yaliingia

Bayou Grosbec, Louisiana
3 Mei

Mwanangu Clovis,

Salamu nyingi. Mimi mzima, magoti tu ndiyo yananisimanga asubuhi. Renata mkeo hajambo? Na mjukuu wangu Josie, meno yameota? Naandika kwa kuwa simu unajua naisikia nusunusu.

Wateja wa nyumba wamekuja! Mke na mume, vijana, kutoka Arizona, nchi ya vumbi. Binti ana mimba kubwa. Amezunguka vyumba vyote akipapasa ule ubao unaozunguka kuta usawa wa kiuno. "Mama, nakshi nzuri hii!" Nikatabasamu kama mjinga. Hapa kwetu hata mtoto anajua maana ya ubao ule: maji yaliingia, ukuta uliolowa ukakatwa, ukawekwa mpya, na mshono ukafunikwa. Wewe na marehemu baba yako ndio mlioupigilia. Yeye kaona pambo.

Sasa dalali, Bi Darlene, kaniletea ile fomu ya sheria. Muuzaji lazima aseme kama maji yamewahi kuingia. Visanduku vitatu: ndiyo, hapana, sijui. Nimeilaza chini ya birika la kahawa. Jana nimeota baba yako kasimama sebuleni, maji kiunoni, ananimiminia kahawa wala hamwagi hata tone. Niambie nifanye nini.

Mama yako


Denver
10 Mei

Mama mpenzi,

Shikamoo. Sisi wazima. Josie ana meno mawili na anatung'ata sote. Magoti uyapake ile dawa, usinidanganye kwamba unaipaka.

Mama, weka alama kwenye "sijui" basi. Kwa umri wako nani atakuuliza? Msimu wa vimbunga unaanza mwezi ujao, na mimi usingizi sina. Uza, mama. Chumba chako huku hakijengeki bila fedha ya nyumba hiyo. Na mtu akinunua nyumba kando ya bayou, mto wa kinamasi, bila kuuliza ubao ni wa nini, shauri yake.

Mwanao Clovis


Bayou Grosbec
21 Mei

Mwanangu,

Hamjambo? Mimi sijambo, na dawa naipaka, mchokozi we.

Sijui? Toba! Mimi niliyempandisha bibi yako juu ya meza ya kulia, kakumbatia kuku wake, maji yanapanda, leo nisijue? Nimeandika ndiyo. Kila mara yalipoingia, na mahali ukuta ulipokatwa. Walipokuja tena, nikamshika mkono yule binti, nikauweka kwenye ubao. "Maji yalifika hapa," nikamwambia. Akapima kwa kiganja, toka kwenye ubao mpaka tumboni mwake. Vilikuwa sawasawa.

Akanibusu, wakaenda zao. Hawatarudi. Wanasema mficha uchi hazai, lakini mimi niliyefunua wala sikuuza. Cheka kidogo, mwanangu.

Usiku ule nikaota nyumba imeng'oka, inaelea polepole, nami ndani napika supu ya bamia na kaa, nyasi ndefu zinapita dirishani. Sikuogopa. Nilikuwa nakutafuta tu, chumba hadi chumba.

Mama yako


Denver
30 Mei

Mama,

Nimesoma. Umewahurumia wageni kuliko mjukuu wako. Haya, kaa na ukweli wako.

Clovis


Bayou Grosbec
19 Septemba

Clovis mwanangu,

U mzima? Wote wazima? Tangu ile barua yako sijasikia neno, na sasa simu za huku zote zimekufa, kwa hiyo pokea hili kwanza: niko salama. Kimbunga kimepita. Jirani Alcide alinichukua mapema kwa lori lake, tukalala kwenye shule iliyo mwinukoni.

Nimerudi nikakuta nyumba imetulia mno. Maji yamekwisha kwenda. Viti vimesogezwa vikatazamana, utadhani wageni walikaa wakazungumza usiku kucha. Kaa wadogo wanatembea kwenye sinki. Matope laini kila mahali, na alama ya maji iko juu ya ubao, juu kabisa, nimeinua mkono kuigusa.

Nikakaa ngazini nikamuwaza yule binti. Mtoto atakuwa kishazaliwa. Yuko mahali pakavu, analala. Nikalia kwa furaha, haki ya Mungu.

Kisha nikalia kwa uchungu, na hili nakwambia wazi maana u mwanangu. Barua zako nilikimbia nazo mkobani. Kule shuleni nilizisoma zote upya. Umeniambia uza. Hakuna mahali umeniambia njoo.

Mama yako


Denver
24 Septemba

Mama,

Shikamoo. Barua yako imefika leo. Renata ameisoma kwa sauti jikoni, akashindwa kuimaliza, nikaichukua, na mimi nikashindwa.

Siku zote hizi nimekuwa nikipiga simu haiiti. Nilijua ni kimbunga, na bado nilijiambia labda umekataa tu kupokea. Nilistahili.

Kitanda chetu tumekihamishia sebuleni. Chumba ni chako. Kidogo, dirisha linatazama ukuta wa jirani, na Josie atakuamsha alfajiri kila siku. Nyumba ifungue milango ikauke. Ikiuzika, sawa, na tutaandika yote yaliyoingia. Isipouzika, basi.

Naanza safari jioni hii kwa gari. Huenda nikafika kabla ya barua. Hata kama nitakuwa nimesimama mlangoni, isome, kwa sababu ana kwa ana nitalia tu nisiseme.

Njoo, mama. Hivyo hivyo ulivyo, mikono mitupu. Njoo.

Mwanao Clovis