Mota Nimeing'oa, Kaka

Nyumbani kwa Baba,
Alhamisi, 12 Juni

Kaka yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini wewe na wifi mnaamka salama, na kile kikohozi cha baridi kimekuachia. Watoto je? Profesa bado analala na vitabu kitandani? Huku tu wazima, isipokuwa mimi mdogo wako ambaye maji yamenifika shingoni, na sababu ni wewe.

Nakuandikia kwa kuwa kwenye simu siwezi kusema lolote. Baba hukaa hapo hapo sebuleni akisikia kila neno. Yaliyochoka ni magoti, masikio bado mazima.

Unaikumbuka cherehani yake ya kukanyaga. Miaka arobaini ameshona sare za shule kwenye lile kanyagio, na sikumbuki hata siku moja akilalamikia goti. Kisha wewe, kwa mapenzi yako, ukamtumia mota ili mzee apumzike. Ukafuatisha na kiti cha kuegemea. Kila Jumapili ukawa unampigia: baba usijisumbue, kaa, acha wakuhudumie. Na wewe ndiye kifungua mimba wake, neno lako ni amri. Langu, mimi ninayempikia, ni kelele za redio tu.

Basi akakaa. Miaka miwili sasa amekaa. Akitaka mkasi naleta, kofia ikianguka jirani anaiokota, na sote tukajiona watu wenye adabu. Nami nimo, sijitoi.

Mwezi uliopita nilimpeleka kwa mtaalamu wa viungo, mama mmoja mfupi asiyecheka ovyo. Akamwambia akunje goti. Likafika nusu, likagoma. Yule mama akanieleza taratibu, kama ninavyowaeleza watoto wangu wa darasa la pili, kwamba kiungo hulishwa kwa kutembezwa. Ukikikunja na kukikunjua, ute wa ndani unazunguka na kukilainisha. Ukikiacha kinakakamaa, misuli inayokishika inalegea, maumivu yanazidi, na mwenye nacho anajikwaa hata kwenye zulia. Nikamuuliza kama tumechelewa. Akasema bado, ila akikaa hivi mwaka mwingine hatasimama tena bila kushikwa. Samaki mkunje angali mbichi, kaka, na huyu wetu ameshaanza kukauka.

Mazoezi yenyewe ni madogo mpaka naona aibu kuyataja. Ainuke kitini mara kumi huku ameshika meza, azungushe vifundo vya miguu, akunje goti na kulinyoosha, asubuhi na jioni. Siku ya kwanza aliinuka mara tatu. Siku ya pili akasema mwanawe mkubwa amemkataza kujisumbua. Nikimbembeleza, jirani muuza mkaa anachungulia dirishani na kuniambia namtesa mzazi. Nimechoka, kaka. Nimechoka kuitwa mkatili kwa kosa la kuwa mimi ndiye niliyeko hapa.

Sasa nikwambie lile lisilosemeka. Jumapili jioni, wewe umeshakata simu, baba alikwama chooni. Alikaa humo muda mrefu akiona haya kuniita, mpaka nikapiga hodi mwenyewe. Nikaingia, nikamwinua. Alifumba macho muda wote, kana kwamba asiponiona nami simwoni. Baba yetu huyu, aliyekuwa akibisha hodi hata kwenye chumba chetu tukiwa watoto. Usiku ule hakugusa chakula, nami nililia jikoni.

Kesho yake niling'oa mota. Nimerudisha mkanda wa zamani kwenye gurudumu, mota nimeifungia kabatini na ufunguo ninao mimi. Siku mbili aliipa cherehani mgongo. Jana akaketi kwenye cherehani, akakanyaga huku ananung'unika, akamaliza kola mbili, akaacha. Nikajifanya nasahihisha madaftari.

Barua hii nampa dereva wa basi, itakufikia Jumamosi. Jumapili ukipiga, baba atanishtaki. Atasema nimemnyang'anya zawadi ya mwanawe, na atavuta pumzi kwa shida kidogo ili umhurumie. Usithubutu. Mwambie ni wewe uliyeniagiza niing'oe. Mwambie akanyage, ainuke mwenyewe, aokote kofia yake mwenyewe. Mimi nikisema hivyo ni ukaidi, wewe ukisema ni busara, na hilo nitalikasirikia siku nyingine nikiwa na nafasi.

Nisalimie wifi sana, na Profesa, na Kidoti mwambie gauni lake babu atalishona kwa miguu yake. Shangazi ukimwona mpe pole ya mgongo, na mwambie naye asilale sana. Mungu akujalie maisha marefu, na magoti ya kuyabeba.

Ni mimi dada yako, nikupendaye hata leo nilivyokukasirikia,

Kitinda Mimba

Tena, kaka: akikuuliza ni nini kilichokubadilisha, sema umesoma mahali. Choo usikitaje. Hajui kama nimekwambia, na asijue kamwe.