Msitu Chini ya Majivu

Jumatatu, 3 Machi

Tumechunga udongo tangu saa moja asubuhi, tukitafuta mabaki ya viumbe wa kale. Ndoo baada ya ndoo. Mgongo umekufa ganzi. Meno mawili ya mamba, vipande vya gamba la kobe. Saa nane, kwenye chungio langu, konokono. Mzima, mdogo kama ukucha, amegeuka jiwe. Si wa maji. Ni wa nchi kavu, wa jamii inayotaka kivuli na unyevunyevu. Upande huu wa kisiwa cha Mfangano ni mawe na miiba tu. Angeishi wapi hapa?

Jumatano, 5 Machi

Daktari Mutheu, mkuu wetu kutoka Nairobi, anataka kulifunga shimo langu. Anasema hapa tangu kale palikuwa uwanda mkavu, na wiki ijayo tunahamia Karungu, kule Migori. Nilikataa. Mbele ya watu wote. Mimi niliyeacha shule darasa la saba nikauza omena, dagaa wa ziwani, miaka kumi.

"Mama Awuor, konokono mmoja anaweza kubebwa na maji kutoka mbali."

"Daktari, ganda lake halina hata mkwaruzo. Alifia hapa hapa. Nipe siku mbili."

"Mbili. Basi."

Nikarudi shimoni kabla hajabadili nia.

Alhamisi, 6 Machi

Hakuna kitu. Majivu ya volkano, magumu kama saruji. Wenzangu wamepelekwa shimo la chini. Nimebaki na patasi. Naogopa aibu. Naogopa sana.

Ijumaa, 7 Machi

Saa nne udongo ukabadilika rangi. Nikashika brashi. Mzizi. Mwingine. Yote ikielekea mahali pamoja, na pale katikati kisiki cha mti, jiwe tupu, kimesimama palepale kilipoota. Kando yake majani yamejichapa kwenye majivu, kila mshipa unaonekana.

Nilipiga kelele. Daktari alikuja mbio, akapiga magoti.

"Nilikosea," alisema. "Huu ni msitu. Mama Awuor, waeleze wenzako."

Nikaeleza. Ziwa hili linalotuzunguka lilikuwa bado halijakuwepo. Mlima wa moto ukamwaga majivu, yakaufunika msitu uliokuwa umeungana na misitu ya Kongo. Baadaye sana ardhi ikainuka, mvua ikapungua, miti ikarudi nyuma kuelekea magharibi pamoja na wanyama wake. Nyasi zikaingia, na wanyama wa nyasi. Hakuna aliyenikatiza.

Najivunia. Naandika tena: najivunia.

Jumapili, 9 Machi

Jana tulisafisha kisiki chote. Leo baada ya kanisa mama yangu alitaka kukiona. Hajawahi kuuliza habari za kazi yangu. Tulipanda polepole, tukipumzika mara tatu.

Alikitazama muda mrefu. Kisha akaweka fimbo chini, akasimama upande wa pili, akanyoosha mikono. Nikanyoosha yangu. Tulishikana juu ya kisiki, kwa ncha za vidole tu, tukiukumbatia mti ambao haupo.

"Maduong'," alisema. Mkubwa.

Hatukuachana mara moja.