Somo la Nane la Athieno

Tororo, Alhamisi, 8 Machi 1956

Joto tangu asubuhi, na mvua bado inatuzungusha. Saa saba mawingu yalikusanyika juu ya mwamba wa Tororo, yakakaa kama wazee wa baraza, yakatawanyika bila uamuzi. Sasa ni saa kumi na moja jioni. Nimekaa mlangoni, mwanga bado upo, na nina jambo la kuandika ambalo sina hamu ya kuliandika.

Naandika kwa Kiswahili kwa sababu ndiyo lugha pekee ambayo hainidai chochote. Kiingereza ni cha hakimu. Kiganda ni cha wakubwa wa kaunti. Dhopadhola ni ya mama yangu. Kiswahili nilikiokota jeshini, nikaja nikaoa nacho. Nabwire, mke wangu, ni Msamia wa upande wa Kenya, na siku tulipokutana sokoni Busia hakuna aliyeijua lugha ya mwenzake.

Kazi yangu ni ukalimani wa korti, mwaka wa tisa sasa. Mshtakiwa akisema "niliiba", nami nasema "niliiba". Kwa hesabu hiyo nimeshaiba ng'ombe wengi kuliko mtu yeyote wa wilaya hii, nimechoma vibanda, nimepiga wake za watu, na kila jioni nimerudi nyumbani nikala vizuri. Sijawahi kuongeza neno la mtu wala kulipunguza. Hakimu hulisema hilo mbele ya wageni, nami hujifanya sijasikia.

Leo nimepunguza.

Athieno ni binti wa dada yangu. Ana miaka kumi na sita, na anasoma shule ya bweni ya wasichana ya misheni, nje kidogo ya mji. Mwaka huu inabidi wachague masomo watakayofanyia mtihani wa cheti. Masomo saba hayana mjadala, kila msichana atayafanya. La nane ndilo lenye njia panda: ama Kiganda, ama Bayolojia. Yanafundishwa saa ile ile, kwa hiyo huwezi kushika yote mawili. Tena shule haina chumba cha sayansi. Wanaochagua Bayolojia itawabidi kuvuka bonde mara mbili kwa wiki kwenda kusomea shule ya wavulana, na kwa sababu hiyo ni lazima mzazi aitwe, aelezwe, aweke alama yake kwenye fomu kwamba amekubali au amekataa.

Mzazi ni Okoth, shemeji yangu, mkulima wa pamba wa Mwello. Ana Dhopadhola yote na Kiswahili cha sokoni. Mwalimu mkuu, ambaye wasichana humwita Misi, ana Kiingereza, na katika lugha yetu ana salamu moja ya asubuhi anayoitoa saa yoyote. Mtu wa kukaa katikati alikuwa mimi. Hata haikujadiliwa.

Sasa niseme habari ya Kiganda, maana bila hiyo nitajitetea bila kukusudia.

Tangu Athieno akiwa na miaka kumi, kila likizo hukaa kwetu wiki mbili. Nimemfundisha Kiganda hapa hapa mlangoni. Ana sikio kali. Ukimsikia bila kumwona utaapa kazaliwa Mengo, kwa Waganda wenyewe. Kortini nimeshamtangaza: karani anajua, askari wa mlangoni wanajua, kwamba siku moja kiti cha mkalimani kitakaliwa na msichana, na msichana huyo ni wa damu yangu. Nimesema hivyo mara nyingi sana. Athieno mwenyewe sikumuuliza hata mara moja.

Habari ya Bayolojia alimwambia Nabwire, Desemba, wakichambua mboga. Mimi niliisikia kwa kupitia dirishani. Mwaka jana mdogo wake, Ofwono, alipata surua. Athieno alimbeba mgongoni kwenda dispensari, na alipofika akamfungua ndipo akajua kwamba alikuwa amebeba maiti. Hakujua ilikuwa tangu wapi. Nabwire alilia. Athieno aliendelea kuchambua mboga, akasema anataka kusomea uuguzi, na huko hawampokei mtu asiye na Bayolojia.

Niliyasikia hayo yote, nikaenda zangu kuoga.

Leo tulifika shuleni saa tatu. Okoth alivaa koti lake la kanisani, akakaa kwenye ukingo wa kiti kana kwamba kuna mwenyewe atakayekuja kukidai. Athieno alisimama karibu na ukuta, mikono nyuma. Misi alieleza, mimi nikatafsiri. Okoth aliuliza, mimi nikatafsiri. Kazi ilikuwa nyepesi, hakuna aliyekuwa akifoka.

Misi alimgeukia Athieno akamuuliza anataka lipi. Akajibu kwa Kiingereza, kwa sauti ndogo iliyonyooka: kuna mambo ya kifo cha mdogo wangu ambayo hakuna aliyeweza kunieleza, nataka kuyajua. Hilo nilimfikishia baba yake kamili. Okoth aliinamisha kichwa. Nilimwona analegea. Mtu aliyekaa kortini miaka tisa humjua mtu anayelegea.

Kisha akauliza swali moja tu. "Huko ng'ambo watakuwa wanakwenda na nani?"

Nikamuuliza Misi. Misi akajibu kwamba watakuwa wasichana wanne, na mwalimu wa kike atafuatana nao kila safari, kwenda na kurudi, na mwalimu huyo akiugua, Misi mwenyewe atawapeleka.

Nikamwambia Okoth, "Anasema watakwenda wasichana wanne."

Nikanyamaza.

Nataka niandike hapa kwamba sikukusudia, lakini daftari ni langu na hakuna wa kumdanganya. Pumzi nilikuwa nayo. Maneno nilikuwa nayo, tayari kabisa, yamepangwa. Kortini nikisahau kitu huinua mkono nikasema, "Mheshimiwa, naomba nikamilishe." Nimeshasema hivyo mara nyingi bila aibu yoyote. Leo mkono ulibaki gotini.

"Wanne," Okoth alisema. "Peke yao, kati ya wavulana shule nzima."

Hakuwa anauliza. Nami nikajipa sababu ya kikorti, kwamba asiyeuliza hajibiwi.

Athieno aliinua macho, akanitazama. Anajua Kiingereza, anajua Dhopadhola; alikuwa amesikia kilichoingia na kilichotoka. Hapo ndipo nilipokosea hesabu, kwa mazoea tu. Kortini hakuna anayenikagua, huyu anajua kimoja na yule kingine. Lakini wala sikuogopa sana, na hili ndilo linaloniudhi zaidi. Kwetu mjomba hakanushwi. Watu huogopa manung'uniko ya mjomba kuliko kiboko cha baba. Wanasema humfuata msichana hadi kwenye ndoa yake. Nilijua atanyamaza. Nililijua hilo nikiwa nimekaa pale.

Aliyarudisha macho sakafuni.

Lazima nieleze ni kitu gani Okoth alikuwa akikimeza kabla ya kujibu. Serikali ilipoingia huku kwetu iliweka Waganda juu ya watu wetu, na baba yake Okoth alichapwa viboko na mmoja wa watu wao kwa kuchelewa kazi ya barabara. Hakuweza kukaa kitako siku nyingi. Nyumbani kwa Okoth neno la Kiganda halitamkwi hata kwa mzaha. Mimi mwenyewe nikienda huko huiacha lugha hiyo njiani. Na leo, kwa kuogopa bonde ambalo binti yake asingelivuka peke yake, alisema, "Basi. Asome hicho cha waliompiga baba yangu. Angalau atakuwa ndani ya uzio."

Hilo nililitafsiri lote, neno kwa neno. Misi alishangaa kidogo. Aliniuliza kama mzee ameelewa habari ya mwalimu wa kufuatana nao. Nilisema, "Ndiyo."

Kwa hiyo nilipunguza, halafu nikaongeza.

Okoth akabonyeza kidole gumba kwenye wino, kisha kwenye karatasi, pole pole. Misi alisema orodha itaondoka Jumamosi na treni ya mchana, na ikishaondoka haibadiliki.

Athieno alitusindikiza hadi langoni. Baba yake alitangulia hatua chache. Athieno akanisogelea, akaniambia kwa Kiingereza ili baba yake asielewe, "Mjomba, nadhani umesahau ile habari ya mwalimu."

Umesahau. Alinipa mlango wa kutokea, tena kwa heshima, na alichagua lugha ambayo ingenisitiri mbele ya shemeji yangu. Nilimjibu, "Nenda darasani, utachelewa." Akaenda.

Tukaingia hoteli iliyo karibu na stesheni, kungojea lori la kumrudisha Okoth Mwello. Sikuwa na hamu ya chai. Okoth alichangamka, koti amelivua, akamwita mhudumu, ambaye ni kijana wa Malaba, akamwambia kwa kile Kiswahili chake, "Leta chai mbili ya moto. Mtoto yangu nasoma hapa juu. Msichana. Nakwenda fanya mtihani ya kubwa."

Mhudumu akasema, "Mungu nasaidia yeye, mzee."

"Huyu hapa ndiyo nasaidia," Okoth akasema, akanipiga begani. "Bila huyu mimi nasikia nini?"

Niliona aibu. Sina neno lingine la kuweka hapo. Niliona aibu mpaka masikio yakawaka, nikashindwa kumaliza kikombe, nikamwambia Okoth lori linakuja, na halikuwa linakuja.

Nimerudi nyumbani nikamweleza Nabwire, nikidhani nitamweleza kama ninavyosimulia kesi. Alikuwa anatwanga. Alitwanga mpaka nilipofika kwenye ile "ndiyo" niliyompa Misi, hapo akasimamisha mchi.

"Wewe bwana," akasema, "sisi Mungu hakutupa mtoto. Nimelia, nimenyamaza, yamekwisha. Sasa wewe umeamua kwenda kumchukua wa dada yako kwa mdomo?"

Nilimwambia ni kwa faida ya mtoto, kuna kiti, kuna kazi yenye heshima.

"Kiti ni chako. Kalia."

Akaendelea kutwanga. Ndoa ya miaka kumi na mbili, na bado hajajifunza kunipunguzia maneno makali. Pengine ndiyo maana sikwenda kumsimulia mtu mwingine.

Kwa hiyo, mambo yalivyo. Orodha inaondoka keshokutwa mchana. Kesho naweza kwenda kortini kama kawaida: kuna kesi ya baiskeli iliyoibwa Malaba, mshtakiwa ni Mteso asiyejua kingine ila Kiteso chake, nacho pale kortini nakijua mimi tu, kwa hiyo bila mimi haisikilizwi. Nikienda Mwello, mtu huyo atakaa mahabusu mpaka Jumatatu kwa kosa ambalo si lake, angalau hilo la kungoja si lake. Nimelipima hilo, halijakaa sawa, na sina namna ya kulikalisha sawa. Nimeshamwandikia karani barua. Nimeandika "dharura ya nyumbani". Kisha nikaikata, nikaandika kwamba nimefanya kosa katika tafsiri nje ya korti na nakwenda kulisahihisha. Hakimu akiisoma atanitazama tofauti. Naye aache kunisifu mbele ya wageni, itakuwa nafuu kwetu sote.

Ningeweza pia kumwendea Misi asubuhi, nikamwambia mzee amebadili mawazo, mambo yakaisha bila Okoth kujua lolote. Wazo hilo lilinijia haraka sana, tena likiwa limevaa nguo nzuri. Lakini huko ni kumsemea tena mtu ambaye hajasema.

Baiskeli nimeshaijaza upepo. Nikiondoka alfajiri nitamkuta kabla hajaenda shambani. Najua Mwello ilivyo: ukishakaribishwa kiti na kuletewa maji, utaulizwa habari za mji, nawe utauliza habari za pamba na ng'ombe na za dada yako, na kufika hapo adabu imeshakumaliza. Kwa hiyo sitakaa. Nitasema nikiwa nimesimama, baiskeli mkononi, hata dada yangu akinishangaa.

Naogopa. Okoth ni mtu mpole, na mimi huwaogopa wapole, wakali nimewazoea. Ataniuliza kwa nini, na jibu ni fupi: nilimtaka mtoto wake awe wangu. Halafu nitampa jibu la Misi lote, wasichana wanne, mwalimu wa kike, kwenda na kurudi, na Misi mwenyewe mwalimu akiugua. Sitamshawishi. Sitamwambia Bayolojia ni nzuri wala Kiganda ni kibaya. Akikubali, nitampakia baiskeli nimlete kwa Misi kabla ya treni ya Jumamosi.

Akikataa baada ya kuyasikia yote, hiyo itakuwa hapana yake.