Kitambaa Chekundu Chini ya Bawa

Kwako dada yangu mpenzi,

Pokea salamu zangu za moyoni. Natumaini mgongo umeacha kukusumbua na shemeji hajambo. Mimi ni mzima wa mwili, usingizi tu ndio umenikimbia.

Najua umesikia mengi, maana mtaani kwenu habari hutiwa chumvi kabla ya kufika mlangoni. Uliponipigia simu uliniuliza kama ni kweli mimi ni rubani mbaya, nami nikakata simu. Leo nakueleza yote.

Kabla ya kuruka, rubani huizunguka ndege kwa miguu akiikagua na kuigusa kwa mkono. Chini ya bawa kuna mrija mdogo wa kupimia mwendo, nao huvalishwa kitambaa chekundu ndege ikiegeshwa, ili nyigu wasijenge ndani. Siku ile nilikuwa katikati ya mzunguko, mpakiaji akaniita kwamba mizigo imezidi uzito. Niliporudi nikaanzia mkiani, nikidhani bawa nimeshalimaliza. Mpakiaji hana kosa. Kukivua kitambaa kile ilikuwa kazi yangu.

Mrija ukiwa umezibwa, kipimo cha mwendo hakifanyi kazi; nilipaswa kuona sindano yake imelala tukiwa bado tunakimbia chini. Nikaiona wakati magurudumu yameshaacha ardhi. Niligeuza kurudi, nikikisia mwendo kwa mlio wa injini na uzito wa usukani. Kwa kuhofia tukienda polepole tutadondoka, nilitua kwa kasi kupita kiasi. Lami ikaisha, tukaingia majanini, gurudumu la mbele likavunjika. Abiria wote walishuka kwa miguu yao. Babu mmoja alishonwa kwenye paji la uso, na nilipokwenda kumjulia hali alinifukuza. Simlaumu.

Wenzangu sasa wananiita Bibi Kitambaa. Nacheka nao, kisha najifungia chooni nalia. Wapo pia wanaokumbushana kwamba mwaka juzi nilikwaruza bawa kwenye ukuta wa banda la ndege, kana kwamba kwa hayo mawili habari zangu zimekwisha.

Mkuu wa marubani aliponihoji sikujitetea. Nilieleza kila kitu, nikaweka leseni yangu mezani. Akaisukuma irudi upande wangu, akasema, "Aliyesahau kitambaa ni wewe, na aliyewarudisha watu chini ni wewe. Nikimfukuza mmoja, huyo mwingine nitampata wapi?" Alinirudisha darasani, kisha nikaruka na mwalimu kando yangu. Nimefaulu, na wiki ijayo nakabidhiwa ndege.

Kazini yamekwisha. Kwangu bado, kwa sababu kuna jambo nimekuficha. Uliponikabidhi mwanao asome chuo huku, uliniomba asipande kamwe ndege ninayoiendesha, nami nikakubali. Siku ile chuo kilimtuma mji wa jirani kwa mafunzo, kiti kimoja kilikuwa wazi, akanibembeleza. Alikaa nyuma yangu. Hakuumia hata kidogo. Tuliposimama majanini, sauti ya kwanza niliyoisikia ni yake: "Mamdogo, umeumia?" Kukuficha lilikuwa wazo langu, kwa hiyo yeye usimgombeze.

Likizo hii anakuja huko nyumbani kwako, na ameshikilia kwamba atapanda na mimi. Mkuu wa marubani amenirudishia ndege, lakini mtoto huyu si yeye aliyenikabidhi. Ulinikabidhi wewe. Nimemwambia asifungashe mpaka mama yake aseme. Niandikie neno moja tu, na likiwa hapana nitamkatia tiketi ya basi mwenyewe.

Nisalimie shemeji na wote wanaoniulizia.

Ndimi mdogo wako,
Rubani