Mama Mkwe Aliuona Mshale wa Oili Ukilala, Akanyamaza

Mshauri wangu mpendwa,

Sijui kama ni mimi wa kukuamkia au ni wewe, maana gazeti halionyeshi mvi, kwa hiyo pokea heshima zangu hivyo hivyo kisha unisaidie, kwa sababu nimeshtuka kiasi kwamba tangu Jumatatu natia chumvi kwenye chai badala ya sukari na wajukuu wanacheka wakidhani nawachezea.

Mimi ni mzee wa Pasiansi, hapa Mwanza, lakini Pasiansi si kwetu. Kwetu ni ng'ambo ya mto Kagera, na niliondoka huko kijana wakati wa vita vya mwaka sabini na nane, nikapanda meli Bukoba nikiwa na redio ya baba na shati moja. Vita vilipokwisha nilirudi mara moja nikakuta migomba yetu inapaliwa na watu nisiowajua, nikawasalimia, wakaniitikia vizuri, nikageuka. Tangu hapo nimeishi Mwanza, nimekuwa karani wa ghala la pamba hadi kustaafu, nimesoma vitabu vingi kuliko nilivyolala, na watoto wangu Kihaya wanakisikia tu, hawakisemi. Nakueleza haya ili uelewe kwamba mtu aliyeng'olewa hushika desturi za kwao kwa mikono miwili, maana ndicho kitu pekee alichoweza kubeba.

Nina lori moja. Ni la zamani, lilitengenezwa wakati barabara zetu ni vumbi na makorongo, lina nguvu za kupanda mlima na mzigo lakini gia yake ya mwisho ni fupi, kwa hiyo ukilipeleka kwenye lami na kulidai mwendo wa magari ya leo, injini inazunguka kwa kasi isiyo yake na kupiga kelele kama nguruwe anayekamatwa. Lori hilo analiendesha mkwe wangu, Masele, kijana wa Bujora aliyemwoa binti yangu Annet, dereva mtulivu, hanywi, na nilimwonya tangu mwanzo asizidi sitini na jicho lake lisitoke kwenye geji ya oili. Geji hiyo, mshauri, haiko mbele ya dereva. Ile ya asili ilikufa, na fundi alipofunga nyingine kibomba chake hakikufika upande wa usukani, akaifunga kushoto, mbele ya magoti ya abiria, na taa yake nyekundu hapo hapo. Masele alizoea kugeuza shingo kuitazama.

Mwezi uliopita mke wangu, Leonsia, alikwenda Muleba kumzika kaka yake. Matanga yalipokwisha, Masele alikuwa huko huko akipakia ndizi za kuleta Mwanza, tukaona mama apande lori, asihangaike na mabasi. Sasa kwetu mama mkwe hakai akatazamana na mkwe wake, wala hawazungumzi hovyo, wala hawali kwenye chombo kimoja, na hao wawili wangekaa kabini moja kutwa nzima. Nikampigia Masele simu nikamwambia, "Mfungie mama yako pazia." Akasema, "Sawa, baba." Akafunga kitenge kutoka darini hadi karibu na gia, mama kushoto, yeye kulia, wakaondoka.

Mchana wa siku hiyo simu ikaita.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Mmefika wapi?"

"Tumeipita Geita, baba, Sengerema bado. Gari limezima."

"Limezima au umelizima?"

"Limezima lenyewe. Limenoki, baba."

Yaani injini imejifunga, haizunguki tena. Likavutwa, likavushwa darajani Busisi kwa kamba kama ng'ombe mgonjwa, hadi kwa fundi wetu Buzuruga, akaifungua injini, beringi za krenki, ule mhimili unaozunguka ndani, zimebaki vipande kama maganda ya mayai. Akaniambia, "Mzee, hii ilikimbizwa huku oili haipandi." Nikamuuliza Masele alikuwa anakwenda mwendo gani. Hakunidanganya, akasema alifika tisini. Nikamuuliza, na mshale je? Akasema, "Sikuuona mshale, baba."

Mshauri, niliwaka. Nilikwenda Bujora nyumbani kwa baba yake, Mzee Malimi, ambako yeye na Annet wanaishi, nikasimama uani mbele ya ndugu zake na majirani, nikamwita mwanawe muuaji wa gari. Mzee Malimi akajaribu utani, "Mkwe wangu, shusha sauti, kuna kuku wanaatamia hapa." Sikushusha. Nikasema dereva asiyeona mshale ni abiria, na abiria sikumwajiri. Watu wakacheka. Masele akaweka ufunguo mkekani. Hapo Mzee Malimi akaacha utani, akasema polepole, "Kama mwanangu ni muuaji, basi mchukue binti yako, asije akamuua na yeye." Annet akafunga begi huku analia, nikarudi naye Pasiansi. Jumapili hii Mzee Malimi na ndugu zake wanakuja kwangu kusema neno la mwisho kuhusu ndoa hiyo.

Sasa sikia kilichonishtua. Jumatatu mke wangu alikuwa anamenya ndizi, mimi nasoma gazeti, akasema bila kuinua kichwa, "Kile kimshale kililala tangu Geita."

"Kimshale gani?"

"Cha kwenye kisahani kile mbele ya magoti yangu. Kikalala chini kabisa, na kataa kekundu kakawaka."

Nilidhani sikusikia vizuri. "Leonsia, ulikiona?"

"Nilikiona. Nikatoa rozari nikasali."

"Na Masele hukumwambia?"

"Nimwambie nani? Mkwe wangu? Nimpazie sauti barabarani, nimwambie hajui kuendesha? Nilidhani anajua, yeye ndiye dereva. Na wewe ndiye uliyetuwekea pazia, Baba Annet, usinikazie macho."

Nikalikunja gazeti. Kumbe kijana aliposema hakuuona mshale alikuwa anasema kweli tupu, kitenge kilikuwa kati ya jicho lake na geji, na hakutaka kukitaja kwa sababu angekuwa anamshitaki mama mkwe na baba mkwe kwa pumzi moja. Na mwendo ule wa tisini, nimekuja kuufikiri, ni wa mtu aliyekuwa anakimbia ile aibu ya kukaa kimya na mama mkwe pembeni. Nikamwambia Leonsia lazima tuseme Jumapili. Akaweka kisu chini. "Ukinitaja mbele ya wakwe kwamba nilikaa nikitazama gari linakufa, mimi narudi Muleba, na huko kaka yangu hayupo tena wa kunirudisha."

Nikisema, nimemvua nguo mke wa maisha yangu yote. Nikinyamaza, nimemwacha kijana mwema aitwe muuaji na binti yangu aachike. Nifanye nini?

Mzee wa Pasiansi


JIBU

Mzee wangu, shikamoo. Barua yako niliianza nimekaa, nikaimaliza nimesimama. Ile rozari imenishinda.

Pole kwa lori, pole kwa shemeji yako aliyelala Muleba, na pole kwa migomba ya kwenu. Pole zimeishia hapo.

Unaniuliza kama umtaje mkeo. Kwanza jitaje wewe. Umeandika "nikampigia Masele simu" kana kwamba uliagiza sukari. Geji ilifungwa upande wa abiria kwa idhini yako, na pazia liliwekwa kwa amri yako. Ulimwambia dereva jicho lisitoke kwenye geji, kisha ukamwekea ukuta. Angekataa vipi, baba mkwe akisema? Ungemwona hana adabu. Alitii, na kwa kutii akaitwa muuaji mbele ya kuku wa baba yake.

Na Masele naye simfutii yote. Marehemu mume wangu alikuwa na malori mawili ya umri wa hilo lako, nimekula na kulala na habari za oili. Gari la namna hiyo likizungushwa juu kwa muda mrefu kwenye lami, oili inapata moto, inakuwa nyepesi kama maji, na beringi zilizolika zinaiachia ipite bila kushika presha. Pampu nayo inaipandisha juu haraka kuliko inavyorudi chini kwenye sampo, bakuli la oili chini ya injini, mwisho inanyonya hewa. Kwa sitini, hata na pazia, huenda wangefika Mwanza. Tisini alikanyaga yeye, na alishaonywa. Aibu ya mama mkwe haikumshika mguu. Hilo mwambie, lakini mwambie kwa sauti ya chini, mkiwa wawili.

Mama Annet, najua utasomewa hii, kwa hiyo nakusemesha mwenyewe. Umetoka kuzika kaka, umewekwa nyuma ya kitambaa, hakuna aliyekueleza kisahani kile ni cha nini. Kwa kutokujua, sikulaumu. Lakini taa nyekundu hata mtoto huiuliza. Adabu yetu inamkataza mama mkwe kumkaripia mkwe. Haijamkataza kukohoa, haijamkataza kugonga bati. Wazee wetu walikuwa na njia elfu za kumwambia mkwe kwamba nyumba inaungua bila kumtazama usoni. Na leo unajua. Kukaa kimya Jumapili hakutakuwa tena kutokujua. Muleba unakotishia kurudi utarudi na nini, na ndoa ya mwanao kwapani?

Mzee, desturi ulizozivusha ziwa zilikuwa za kulinda watu wasivunjiane heshima. Ukizitumia zikavunja nyumba ya binti yako, ulichobakiza ni kitambaa tu.

Kuhusu gari: injini ikishafungwa upya, geji ihamie mbele ya usukani, hata kama ni kununua kibomba kirefu zaidi. Fungeni na kengele ya oili, ipige kelele presha ikishuka, maana kengele haina mkwe. Oili iwe ya uzito anaousema fundi, ibadilishwe kabla haijawa lami. Sitini ibaki sitini. Mshale ukishuka huku injini inavuta, dereva anatoka barabarani na kuzima papo hapo, hasubiri kituo cha mafuta, hasubiri kivuli. Na yeyote aliye kabini akiona chekundu anasema, awe askofu, awe mama mkwe. Akishindwa kusema, agonge. Siku nyingine mama apande basi.

Kuhusu watu: usingoje Jumapili. Ukingoja watakuja na maneno yaliyokwisha kupikwa. Nenda Bujora kesho asubuhi. Ulimtukana uani, kwa hiyo futa uani pale pale, mbele ya wale wale waliocheka. Mrudishie Masele ufunguo kwa mikono yako miwili. Sema pazia lilikuwa lako. Kisha Mama Annet, kama ni vigumu kumsemesha mkwe, amwambie Mzee Malimi, na Masele asikie akiwa amekaa hapo. Maneno mawili yanatosha: niliona, nikanyamaza. Hakuna mkwe wa Bujora atakayemcheka mama aliyejishusha hivyo, na akitokea wa kucheka, Mzee Malimi atamfukuza kabla yako.

Mchukueni na Annet, na begi lake. Mkienda watatu mkarudi wawili, mtajua mmesikilizwa.